Fidia na Kifuta Machozi

Fundi aangukapo kutoka kwenye kiunzi (wengine husema jukwaa, lakini sisi twaona jukwaa ni ile sehemu ya kukanyagia tu), mara nyingi mwajiri humpelekea bahasha na kuiita fidia. Hapo neno limetumiwa isivyo. Kitolewacho kwa hisani ni kifuta machozi. Fidia ni haki inayodaiwa.

Kwa Tanzania Bara, msingi wa haki hiyo ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na mlipaji, tangu Julai 2015, ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Michango hutolewa na waajiri, wala haikatwi katika mshahara. Majeruhi halazimiki kuthibitisha uzembe wa mtu. Yatosha kwamba aliumia kwa sababu ya kazi yake. Lakini ajali sharti iarifiwe ndani ya miezi 12, na aliyepokea bahasha akanyamaza aweza kupitwa na muda huo.

Neno kibarua nalo huwaponza wengi. Asili yake ni kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa. Si daraja la watu wasio na haki. Linaloangaliwa ni kama mtu ameajiriwa.

Faini itozwayo kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 si fidia, maana huingia Serikalini. Na iwapo kiunzi kilifungwa vibaya na mkandarasi mwingine, majeruhi aweza kumdai huyo mahakamani. Huko ndiko uzembe hutakiwa kuthibitishwa.