Je, Wajua? Boma la Mikindani na Adui Asiyetoka Baharini

Lori la korosho linalotoka Nakapanya, wilayani Tunduru, likipita Mangaka, Masasi na Mnazi Mmoja kuelekea bandari ya Mtwara, hupita chini ya kilima kilomita kama 10 kabla ya kufika. Juu ya mteremko kuna jengo jeupe lenye mnara. Dereva anawaza foleni ya kushusha mzigo, kwa hiyo mara nyingi halitazami. Hilo ndilo Boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, na ukitaka kulielewa vizuri, njia aliyotoka dereva huyo itakusaidia kuliko ghuba iliyo mbele yake.

Mgeni akilitazama hudhani kazi yake ilikuwa kuzuia meli. Lakini meli za nani? Mwaka 1890 Wajerumani na Waingereza walikwisha kugawana mipaka kwa mkataba, na Wareno walikuwa ng'ambo ya Ruvuma. Linganisha na Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596. Ile ilikuwa na kuta nene zenye pembe zilizopangwa kukabili mizinga, na kuanzia 1696 ilizingirwa na Waomani kwa karibu miaka mitatu. Boma la Mikindani lisingestahimili jambo kama hilo hata kwa wiki moja. Ni jengo la ofisi, mahabusu na askari, lililovaa sura ya ngome ili liogopwe.

Walitaka kumtisha nani basi? Mwaka 1888 watu wa pwani, kuanzia Pangani hadi huku kusini, waliinuka dhidi ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipokuja kupandisha bendera yake na kukusanya ushuru. Mawakala wa kampuni walifukuzwa Mikindani. Kamanda wa Kijerumani Hermann von Wissmann, akiwa na askari Wasudani aliowaajiri Misri na wengine kutoka Msumbiji, aliirudisha miji ya kusini mikononi mwa Wajerumani Mei 1890. Pwani ikatulia, ila bara haikutulia. Kwenye nyanda za Makonde alikuwepo Machemba, mkuu wa Wayao, aliyemjibu Wissmann kwa barua ya Kiswahili kwamba yuko tayari kwa urafiki, lakini kuwa chini yake hataki. Vikosi vilivyotumwa kumtiisha vilipata taabu. Ilipokuja kodi ya nyumba mwishoni mwa miaka ya 1890, alikataa pia. Mwaka 1899 lilikwenda jeshi kubwa zaidi, naye akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji. Kwa msomaji wa Tunduru, ambako Wayao ni wengi, hii si habari ya watu wa mbali.

Ndiyo maana nasema macho ya boma yalikuwa kisogoni. Kule nyuma ya kilima ndiko zilikotoka pembe za ndovu, mpira, nta na misafara ya wapagazi, na huko ndiko kodi ilikopaswa kutafutwa. Mvumbuzi David Livingstone aliteremka kwenye ghuba hii Machi 1866, akiwa na ngamia na nyati, akashika njia ya Ruvuma kuelekea Ziwa Nyasa. Miongoni mwa watu wake alikuwemo Chuma, kijana wa Kiyao aliyekombolewa utumwani, ambaye miaka minane baadaye alikuwa mmoja wa waliofikisha maiti ya Livingstone Bagamoyo.

Sasa tuingie kwenye ukuta, maana hapo ndipo penye utamu. Wajerumani walileta amri na ramani. Vifaa vilikuwa vya Waswahili. Mawe ni ya matumbawe, mepesi na yenye vitundu. Kinachoyashika ni chokaa, nayo hutokana na matumbawe hayo hayo. Wachoma chokaa hupanga magogo kwa duara, wakarundika vipande vya matumbawe juu, wakawasha. Moto ukifika nyuzi joto kama 900, jiwe hutoa hewa ya ukaa na kubaki chokaa kali inayochoma ngozi. Ukiimwagia maji huchemka na kulegea ikawa unga au uji. Ikishapakwa ukutani, polepole hunyonya tena hewa ya ukaa na kurudi kuwa jiwe. Kwa hiyo ukuta mkongwe wa pwani huendelea kukaza miaka mingi baada ya fundi kuondoka.

Chokaa ina sifa nyingine ambayo mafundi wengi wa leo huidharau: inaruhusu unyevu kupita. Maji yenye chumvi yakipanda ukutani kutoka chini, hupata pa kutokea. Ukipiga plasta ya saruji juu ya ukuta kama huo, unyevu unanasa ndani, chumvi inajenga fuwele, na baada ya misimu michache plasta inabanduka ikiondoka na vipande vya jiwe. Nyumba nyingi za kale za pwani zimeharibiwa na ukarabati wa namna hiyo.

Halafu kuna boriti za mikoko. Zina nguvu na mchwa hawazipendi, ila hazibebi dari pana. Chumba cha nyumba ya kale ya mawe mara nyingi hakizidi mita tatu kwa upana. Mti wa baharini ndio uliokuwa ukimwambia mjenzi chumba kiwe na upana gani.

Na kwa nini kilimani? Kuona mbali, ndiyo, na kuonekana. Lakini Wazungu wa wakati huo waliamini pia kwamba homa hutokana na hewa chafu ya mabondeni. Daktari Ronald Ross alithibitisha kwamba mbu ndiye mbebaji wa malaria mwaka 1897, miaka miwili baada ya boma kujengwa. Sababu yao haikuwa sahihi, ingawa upepo wa juu huwasumbua mbu kweli.

Adui wa baharini alipokuja hatimaye, Septemba 1916, Waingereza walizitwaa Kilwa, Lindi na Mikindani ndani ya mwezi mmoja. Boma likabadilisha bendera na kuendelea na kazi ile ile. Kilichoishusha Mikindani hasa ni karanga: mpango mkubwa wa Waingereza ulioanza 1947 ulihitaji bandari ya kina kirefu, ikajengwa Mtwara, na ofisi zikahamia huko. Karanga zilishindwa, bandari ikabaki. Boma lilitumiwa na polisi kwa muda, kisha likaachwa mpaka paa likaanza kuanguka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilianza kulikarabati liwe hoteli na mahali pa kufundishia vijana kazi.