Kipya Kinyemi: Kishikwambi Kipi Kiingie Nyumbani?

Ndugu msomaji, wazee wetu wametuachia methali mbili ambazo ukizisikia pamoja waweza kudhani zagombana. Ya kwanza yasema: Kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya pili yasema: Rahisi huvunja upishi. Moja yatuonya tusidanganywe na upya wa kitu, na nyingine yatuonya tusidanganywe na wepesi wa bei yake. Mwishoni mwa mwaka 2025 nilizisikia zote mbili jioni moja, katika nyumba ya jamaa yangu mjini Dar es Salaam, na sababu yake ilikuwa kishikwambi.

Neno hili lilienea sana katika Tanzania wakati wa sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiandika majibu yetu katika vyombo hivyo. Tangu hapo kishikwambi si kitu cha ofisini tena. Ni daftari, ni maktaba, na katika nyumba nyingi ni ubao wa kufundishia watoto.

Binti wa nyumba ile alikuwa amemaliza darasa la saba, naye alitazamia kuingia kidato cha kwanza Januari 2026. Mama yake, auzaye vitumbua kila alfajiri, alikuwa amepokea zamu yake ya upatu, akanuia kumnunulia mwanawe chombo cha kusomea. Mumewe alikuwa amekwisha kuona dukani iPad mbili. Moja ilikuwa ya kizazi cha 9, iliyotolewa mwaka 2021, nayo yauzwa nusu ya bei ya mwenzake. Ya pili ilikuwa ya kizazi cha 11, iliyotolewa mwaka 2025. Fedha ya upatu yatosha kununua ya kwanza na kubakiza. Kwa ya pili yapunguka.

Kaka wa binti akasema, "Baba, hicho ni cha miaka minne iliyopita. Tuchukue cha mwaka huu, na fedha iliyopungua tukope kwa wale wanaokopesha simu."

Baba akajibu, "Mwanangu, kioo ni kioo na kitabu ni kitabu. Maandishi hayabadiliki kwa kuwa chombo ni kipya. Kipya kinyemi ingawa kidonda."

Mama akanigeukia mimi. "Shemeji, wewe wasemaje? Mimi nasikia kuwa rahisi huvunja upishi. Fedha hii sitaipata tena mpaka zamu irudi. Nikikosea, atakayekosa ni mtoto."

Niliona kwamba maneno ya mama ndiyo yenye uzito, kwa kuwa yeye ndiye aliyetambua hatari yenyewe. Nikawaomba tuyaache kwanza majina haya ya kipya na cha zamani, tutazame jambo lililokwisha kutokea.

Machi 2012 kampuni ya Apple ya Marekani ilitoa iPad ya kizazi cha tatu. Bei yake huko ilianzia dola 499. Lakini iPad 2, iliyotolewa Machi 2011, haikuondolewa madukani. Ilipunguzwa bei ikawa dola 399. Basi watu wengi walisimama pale pale aliposimama jamaa yangu: dola 100 zaidi kwa kipya, au wazibakize mfukoni?

Kile kipya kilikuwa na sifa inayoonekana kwa macho. Kioo chake kilikuwa na nukta 2,048 kwa 1,536, yaani mara nne ya nukta za iPad 2, na herufi zake zilisomeka kama zilizopigwa chapa kitabuni. Ila kioo kile kilitaka nguvu nyingi. Ikabidi betri iongezwe sana, na chombo kikawa kinene na kizito kuliko kilichokitangulia. Na prosesa yake, ambayo ndiyo akili ya chombo, ilikuwa ya ukoo mmoja na ile ya iPad 2, imezidishiwa nguvu ya kuchora picha. Miezi 7 baadaye, Oktoba 2012, kizazi cha nne kikatoka kwa bei ile ile ya dola 499, kikiwa na prosesa mpya, na cha tatu kikaondolewa. Ajabu ni kwamba iPad 2 iliendelea kuuzwa hata Machi 2014.

Mwisho wa kisa ndio wenye funzo. Septemba 2016 Apple ilitoa programu endeshi iitwayo iOS 10, na iPad 2 pamoja na iPad ya kizazi cha tatu zikaachwa nje siku moja. Aliyelipa dola 100 zaidi mwaka 2012 alipata kioo kizuri, wala hakupata hata siku moja zaidi ya umri. Aliyenunua iPad 2 mwanzoni mwa mwaka 2014, akifurahia urahisi wake, alipata miaka miwili na nusu tu. Lakini aliyesubiri ile miezi 7 akanunua kizazi cha nne aliongezewa mwaka mzima, kwa kuwa chake kiliachwa Septemba 2017. Kwa hiyo upya peke yake haukumfaa mtu, wala urahisi peke yake haukumfaa. Kilichofaa ni kujua umri uliobaki.

Yafaa tueleze umri huu ni nini. Kila kishikwambi huongozwa na programu endeshi, na kampuni iliyokitengeneza huisasisha kila mara. Siku chombo kinapoachwa nje ya masasisho hakifi. Vitabu vilivyomo husomeka, na visomo vilivyohifadhiwa husikika kama kawaida. Mara nyingi kampuni huendelea kwa muda kukipelekea viraka vya usalama. Lakini programu nyingine huanza kukikataa, leo hii na kesho ile, na mianya ya wezi wa mitandaoni inayogunduliwa baadaye hukosa wa kuiziba. Kwa mtu mzima asomaye tu, huenda hilo lisimdhuru. Kwa mwanafunzi anayehitaji programu ya masomo itakayotungwa mwaka ujao, ni hasara.

Nikawaonyesha sasa hesabu ya vyombo vyao viwili. iPad ya kawaida iliyotolewa Machi 2017 iliachwa nje ya masasisho makubwa mwaka 2023. Iliyotolewa Machi 2018 iliachwa mwaka 2024. Iliyotolewa Septemba 2019 iliachwa Septemba 2025, ilipokuja iPadOS 26. Twaona basi kwamba umri wake ni kama miaka 6, hupunguka au huzidi kidogo. Hii si ahadi ya kampuni. Ni kipimo tu kitokacho katika mambo yaliyopita. Kwa kipimo hicho, kizazi cha 9 cha mwaka 2021 chafika mwaka 2027, na kizazi cha 11 chafika mwaka 2031.

Baba akashika kalamu. Cha zamani ni nusu ya bei, nacho kimebakiza miaka 2. Basi kila mwaka wake wamgharimu robo ya bei ya kipya. Kipya ni bei nzima, nacho kina miaka 5 na zaidi. Basi kila mwaka wake wamgharimu humusi, au pungufu yake. Alicheka mwenyewe, kwa kuwa mafungu haya aliyazoea katika hesabu za mirathi, wala hakutaraji kuyakuta katika duka la simu. Kile alichokiita rahisi kilikuwa ghali kuliko mwenzake.

Lakini hesabu hii yakata pande mbili, na ni haki kusema hivyo. Lau cha zamani kingalikuwa robo ya bei badala ya nusu, kila mwaka wake ungalikuwa thumni, nacho kingalikuwa ndicho rahisi kwa kweli. Ndiyo maana siwezi kumwambia kila msomaji anunue kipya. Namwambia agawe.

Tena nikamkumbusha yule kijana kwamba hata upya anaousifu una umri wake. Prosesa iliyomo katika iPad ya mwaka 2025 iitwa A16, nayo ilionekana kwanza katika simu za mwaka 2022. Iliyomo katika ile ya mwaka 2021 iitwa A13, nayo ni ya mwaka 2019. Tarehe ya chombo ni moja, na tarehe ya akili yake ni nyingine. Mnunuzi mwenye busara huuliza zote mbili.

Wakati wote huo binti alikuwa amekaa kimya, wala hapana aliyemwuliza neno. Nikamwuliza, "Mwanangu, wewe wakitakia nini?"

Akasema, "Baba mdogo, nataka kusoma vitabu vya kidato vilivyomo katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu, na kuhifadhi masomo ya hisabati niyatazame usiku bila bando. Na kusikiliza visomo vya Kurani nikidurusu. Sihitaji michezo."

Maneno yake yalitupa mizani kamili. Masomo ya picha yaliyohifadhiwa hula nafasi nyingi, na kizazi cha 9 chaanzia GB 64, ilhali kizazi cha 11 chaanzia GB 128. Na miaka yake ya sekondari hata kidato cha nne ni 4, kuanzia Januari 2026 hata mwisho wa mwaka 2029. Chombo cha kwanza kingeanza kuchoka akiwa kidato cha pili. Cha pili kingemvusha mpaka mtihani wa mwisho na kubakiza.

Ama ule mkopo wa riba alioutaja kijana, mama aliukataa kabla sijafungua kinywa. Mpaka wa riba na wa israfu tumekwisha kuwekewa, wala kishikwambi si dharura ya kuuvuka. Wakakubaliana kusubiri miezi miwili mpaka fedha itimie, na kwa miezi hiyo binti akasomea simu ya baba yake kila baada ya Isha.

Kwa wale ambao hesabu itawaelekeza kununua kilichotumika, nawausia mambo matatu. Kwanza, muuzaji aondoe akaunti yake mbele ya macho yenu, na chombo kiwashwe upya kikiwa kitupu. Kikidai neno la siri la mwenyewe wa kwanza, mtakuwa mmenunua kibao. Pili, kitumieni dukani walau nusu saa mkiitazama betri yake, maana betri hizi huchakaa kwa kuchajiwa, kwa joto, na hata kwa kukaa bure sandukuni. Tatu, wekeni humo hapo hapo ile programu mnayoihitaji. Ikikataa kuingia, rudisheni chombo kabla ya kutoa fedha.

Machi 2026 nilipita tena nyumbani kwao. Kishikwambi kilikuwa mezani, kimevikwa jalada la kitambaa alilolishona mama. Kaka mtu alikuwa akimwelekeza nduguye katika milinganyo, wala hakusema tena habari ya mwaka wa chombo. Ndani ya jalada baba alikuwa ameandika kwa kalamu: 2031. Nikamwuliza ni nini. Akasema, "Ni mwaka wa kukihesabu tena."