Je, Wajua? Bunju Anapohamia Nyumbani Kwako

Je, wajua kwamba bunju hajivimbishi kwa hewa? Humeza maji, funda juu ya funda, mpaka tumbo lake lenye mikunjo litanuke na mwili mzima uwe mviringo. Hana mbavu za kumbana, na ngozi yake inanyumbuka.

Je, wajua kwamba ndiyo sababu hanyanyuliwi kwa kiwavu? Ukimtoa majini akiwa na hofu, anameza kilichopo, yaani hewa, na hewa hiyo kuitoa ni kazi. Anabaki akielea, tumbo likitazama dari, mapezi yakipiga bila kumfikisha popote. Mtegee bakuli ndani ya maji, mwongoze aingie, umhamishe na maji yake. Kama ameshameza hewa, mshike taratibu chini ya maji, kinywa kikielekea juu, mpaka mapovu yamtoke.

Je, wajua kwamba kuvimba humchosha kwa saa nyingi? Wengi waliamini kwamba bunju akivimba huziba pumzi. Watafiti Georgia McGee na Timothy Clark walilipima jambo hilo kisiwani Lizard, Australia, kwa bunju wadogo wa aina ya Canthigaster valentini, na mwaka 2014 wakatoa jibu: samaki huendelea kupumua kwa matamvua, hutumia oksijeni takriban mara tano kuliko akiwa ametulia, na akishanywea huhitaji wastani wa saa tano na nusu kurudi katika hali yake. Halafu unamkuta muuzaji anamchokoza samaki kwa kijiti ili mteja acheke! Duka la namna hiyo mimi nalipita, hata bei iwe nzuri vipi.

Je, wajua kwamba huyo Canthigaster valentini ni wa kwetu pia? Anaishi kwenye matumbawe kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki hadi Pasifiki. Urefu wake hauzidi sana sentimita 11, kwa hiyo ndiye anayemfaa mtu wa tangi la wastani. Ndugu zake ni habari nyingine: Arothron hispidus hufika sentimita 50, na Arothron stellatus huweza kufika sentimita 120. Dukani wote wanatoshea kiganjani.

Je, wajua kwamba unaweza kununua bunju asiye bunju? Kuna samaki mwingine kabisa, Paraluteres prionurus, aliyeiga mabaka ya valentini ili maadui wamwogope. Tazama pezi la mgongoni. La bunju ni dogo na limekaa nyuma karibu na mkia. La mwigaji ni refu.

Je, wajua kwamba bunju wa kijani mwenye madoa, anayeuzwa mara nyingi katika maji yasiyo na chumvi, akikua huhitaji maji ya chumvi?

Je, wajua kwamba hatari ya samaki aliyesafiri mbali huamka pale mfuko unapofunguliwa? Hili ndilo linaloua wengi, na linawauma zaidi watu waangalifu. Njiani samaki anapumua na kujaza hewa ya ukaa katika maji machache aliyofungiwa, na maji hayo yanaelekea kwenye asidi. Wakati huohuo anatoa amonia. Asidi ikipanda, sehemu kubwa ya amonia hukaa katika umbo la amoniamu, ambalo halimdhuri sana. Fungua mfuko: hewa ya ukaa inatoroka, asidi inashuka, na ile amoniamu inageuka kuwa amonia inayounguza matamvua. Mwenye samaki amekaa kando yake saa nzima akidhani anamzoesha.

Basi ushauri hutegemea safari. Kama umemchukua duka la mtaani na mmefika nusu saa baadaye, acha mfuko uelee tangini dakika 15 hadi 20 joto lilingane, kisha mhamishie ndoo na umtiririshie maji ya tangi kwa mrija mwembamba wa pampu ya hewa uliopigwa fundo, matone mawili hadi manne kwa sekunde, mpaka maji ya ndoo yawe maradufu. Kama amekaa ndani ya ndege siku nzima, mwulize muuzaji mapema kiwango cha chumvi cha maji yake, andaa tangi la karantini lenye kiwango hichohicho, linganisha joto mfuko ukiwa bado umefungwa, halafu mhamishe mara moja. Safari ndefu si jambo la nadra: kwenye pwani ya Kenya wapo wavuvi wanaozamia samaki wa mapambo kwa ajili ya masoko ya Ulaya na Marekani. Kwa vyovyote vile, maji ya mfuko usiyamwage tangini.

Je, wajua kwamba tangi linapaswa kumtangulia samaki kwa wiki nne hadi sita? Ndio muda wa kawaida wa bakteria kuongezeka hadi kuweza kugeuza amonia kuwa naitraiti, na naitraiti kuwa naitreti. Vipimo vya amonia na naitraiti visome sifuri kabla hujaenda dukani. Bunju hula kwa fujo na kuacha makombo, na chujio dogo halimwezi.

Je, wajua kwamba chumvi haiondoki na mvuke? Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Maji ya tangi yakipungua, ongeza yasiyo na chumvi. Chumvi ya mezani haifai. Nunua ile iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya bahari.

Je, wajua kwamba macho ya bunju hugeuka kila moja kivyake? Usiku wa kwanza, taa zikiwa zimezimwa, utamwona kajibanza nyuma ya jiwe, rangi imefifia, mkia kaukunja ubavuni, na jicho moja linakufuata wewe huku la pili likikagua upande wa pili wa tangi. Mwache. Siku moja mbili bila kula si msiba.

Je, wajua kwamba meno yake manne yaliyoungana kama mdomo wa kasuku hayaachi kukua? Mpe vyenye gamba: konokono, kome, kaa wadogo. Akilishwa minofu laini tu, meno hurefuka mpaka ashindwe kula, na hapo itabidi yakatwe akiwa amelazwa kwa dawa. Kwa meno hayohayo hukata mapezi ya majirani na huonja hata waya wa hita. Vidole vyako vikae mbali.

Je, wajua kwamba dawa za shaba, zinazotumika kutibu ugonjwa wa vidoa vyeupe uletwao na kimelea Cryptocaryon irritans, zinaweza kumdhuru? Ngozi yake haina magamba ya kawaida ya kumkinga. Ndiyo maana wiki chache za karantini zina faida kuliko chupa ya dawa.

Je, wajua kwamba sumu yake hutoka kwa bakteria, naye huipata kupitia chakula? Bunju waliofugwa kwa chakula kisicho na sumu hiyo huwa nayo kidogo sana au hawana kabisa. Wa baharini ni jambo jingine. Nahodha James Cook alionja ini la bunju huko New Caledonia mwaka 1774 akaponea chupuchupu, na mwaka 1967 jarida la East African Medical Journal liliandika kuhusu mvuvi wa Zanzibar aliyefariki kwa sumu hiyohiyo. Dawa ya kuizima haijapatikana.

Je, wajua dalili kwamba ameshazoea? Anakuja kiooni ukipita, anacheza juu na chini akiomba, na ukichelewa anapanda hadi usawa wa maji na kukutemea. Funika tangi, na ekstensheni ya umeme usiiweke chini yake.