Gego Lililokwama: Maumivu Yakitulia, Chanzo Hubaki

Mgonjwa anayefika kliniki kwa sababu ya gego la mwisho mara nyingi ni kijana, na mara nyingi si mara yake ya kwanza kuumwa. Hueleza kwamba kila alipovimba alinunua antibiotiki katika duka la dawa, uvimbe ukanywea, naye akaendelea na shughuli zake. Makala haya yanaeleza kwa nini maumivu hayo hurudi, na ni wakati gani huwa hatari.

Jino lililokwama ni lile ambalo wakati wake wa kuota umepita, lakini limebaki ndani ya mfupa au chini ya ufizi, ama limetokeza nusu tu. Magego ya mwisho, ambayo kwa kawaida huota kati ya miaka 17 na 25, ndiyo yanayokwama zaidi, kwa kuwa huja baada ya meno mengine yote na huenda yasikute nafasi ya kutosha katika taya. Baadhi huota yameinamia jino la mbele. Mengine hulala kabisa.

Gego lililotokeza nusu hufunikwa na kipande cha ufizi. Chini yake hukusanyika mabaki ya chakula na bakteria, mahali ambapo mswaki haufiki. Ufizi huvimba, usaha hutunga, na kinywa huwa kigumu kufungua. Antibiotiki hupunguza bakteria kwa muda, lakini haziondoi maficho yao. Aidha, gego lililoinama linaweza kusababisha jino la jirani kuoza.

Hatari kubwa ni maambukizi kusambaa. Uvimbe ukishuka chini ya ulimi na shingoni, unaweza kuziba njia ya hewa. Mgonjwa mwenye uvimbe anayepata shida ya kumeza, anayedondokwa na mate, aliyebadilika sauti au anayepumua kwa taabu apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Hata hivyo, si kila gego lililokwama hung'olewa. Mwaka 2000 taasisi ya NICE ya Uingereza ilishauri kwamba magego yaliyokwama yasiyo na ugonjwa yasing'olewe kwa tahadhari tu. Lenye ugonjwa hupigwa picha ya eksirei kwanza, ili daktari aone umbali wake na mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini. Kisha, chini ya ganzi, ufizi hupasuliwa, mfupa kidogo huondolewa, na ikilazimu jino hukatwa vipande. Mishipa ya fahamu ikiguswa, mdomo wa chini au ulimi unaweza kufa ganzi. Kwa wengi hali hiyo ni ya muda, kwa wachache hudumu.

Baada ya upasuaji, mgonjwa asisukutue kwa saa 24 wala asivute sigara, ili damu iliyoganda kwenye tundu ising'oke. Kuanzia siku ya pili asukutue taratibu kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu. Maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua, arudi kliniki.

Kwa hiyo, anayevimba mara ya pili mahali pale pale asirudi duka la dawa. Amwone daktari wa kinywa na meno wakati bado anaweza kufungua kinywa.