Mbele ya Kununua Piesi, Pima Upepo wa Mipira

Kijana akipata volani mkononi, anataka kujua gari inaweza kufika wapi. Wazazi, tusidanganyane: hamu hiyo haiishi kwa makelele yetu. Swali ni hili: ataijaribu wapi? Ku barabara, pale watoto wanatoka masomoni?

Huko Marekani wako na jibu moja lenye kufaa kujulikana. Wanaliita autokrosi. Chama cha SCCA, kilichoanzishwa mwaka 1944, kinaongoza mchezo huo kwa jina la Solo, na mashindano ya kwanza ya taifa lote yalifanyika mwaka 1973. Wanachukua parkingi kubwa ao uwanja wa ndege wa zamani, wanapanga koni za plastike, na kila gari inashindana na saa, si kusukumana na gari ingine. Kofia ngumu ni lazima. Ukiangusha koni moja, wanakuongezea sekunde 2. Ukipotea njia, mzunguko ule hauhesabiwi. (Mwenye kuwa na ndugu Ubelgiji asichanganye: kule Ulaya jina hilo ni la magari mengi yanayokimbia pamoja ku udongo. Hayo ni mambo mengine.)

Mtu anakuja na gari yake ileile ya kwenda kazini. Na hapa ndipo wengi wanapoteza feza: akishindwa siku ya kwanza, anakimbilia kununua piesi. Ndugu, ngoja kwanza.

Kila kitu gari inafanya, inafanya kwa mipira 4 yenye kugusa chini. Mpira mmoja unashika udongo ao lami kwa nguvu yenye mpaka. Ukitumia nguvu yote kwa kufrena, haibaki ya kukata kona. Ndiyo sababu shofere mwenye akili anafrena wakati gari ingali imenyooka, kisha anaachilia freni polepole, anakata kona, kisha anakanyaga akseleratere kadiri volani inavyorudi katikati. Yule anayeingia kona na mbio nyingi anasikia mipira ya mbele inalia, gari inaenda moja kwa moja. Anafanya nini? Anazidi kuzungusha volani! Bure kabisa. Angepunguza mbio na kulegeza volani kidogo, mipira ingeshika tena.

Jambo la pili ni macho. Ukitazama koni iliyo mbele ya pua ya gari, umekwisha kuchelewa. Tazama ile inayofwata, na ingine nyuma yake. Ndiyo maana mbele ya mashindano wote wanatembea njia kwa miguu, mara 2, mara 3, mpaka waijue kwa kichwa. Usitembee na wasemaji wengi, hautaona kitu.

Tena, pita karibu na koni. Gari ikienda kilometre 60 kwa saa, inapita karibu metre 17 ku sekunde moja. Ukirefusha njia kwa metre 17 tu, kidogo kidogo ku kila koni, sekunde nzima imekwenda. Na mara nyingi washindani wanaachana kwa sehemu ndogo tu ya sekunde.

Sasa tuje kwa gari yenyewe. Toa kila kitu chenye kutembea ndani: chupa, vyombo, hata tapi ya chini ya miguu ya shofere. Kaza bulo za magurudumu. Sogeza kiti mpaka mikono ifike ku volani pasipo kunyoosha mabega. Kisha upepo. Chukua chaki ile ya mwalimu, piga mstari pembeni ya mpira, kuanzia pale unapogusa chini kushuka ku ubavu. Ukirudi, angalia. Kama chaki imefutika mpaka ubavuni, mpira unalala sana ku kona, ongeza upepo. Kama haikufutika hata pembeni kabisa, punguza. Mipira ikipata moto upepo unapanda, kwa hiyo pima kila mara unaporudi. Badilisha kitu kimoja tu kwa mara moja, na uandike ku kaye. Ukibadilisha vitu vitatu pamoja, hautajua nini ilisaidia.

Kipimo cha upepo na kaye ni bei ndogo, kupita amotisere kwa mbali. Amotisere nzuri zinasaidia, ni kweli, na sheria za Solo zinaziruhusu hata kwa kundi la magari ya kawaida, pamoja na kubadilisha chuma cha kuzuia gari isilale upande, cha mbele ao cha nyuma. Kikazwe cha nyuma, gari inageuka upesi zaidi. Kikazwe sana, mkia unatoka. Shofere mpya hataweza kuushika.

Mwanzoni omba mwalimu akae kiti cha upande; vyama vingi vinamtoa kwa wapya. Na ukimaliza mizunguko yako, hauendi kulala: utasimama juani karibu na njia, kusimamisha koni ambazo wengine wanaangusha. Pale ngojea gari ya yule mwenye mbio kupita wote, uangalie vizuri. Mipira yake hailii sana, na mikono yake inatembea kidogo tu.