Mbegu Zinazoipima Mvua

Jangwa la Mojave, California, wakati wa ukame ni changarawe, mchanga na vichaka vilivyoachana mbali. Hata hivyo, katika sentimita chache za juu za udongo wake zimelala mbegu nyingi za maua ya porini, baadhi ndogo kama chembe ya mchanga, zilizodondoka misimu iliyopita na bado zi hai. Wataalamu huiita akiba hiyo benki ya mbegu. Kuikagua hakuhitaji mitambo mikubwa: unachota udongo wa juu, unautandaza mwembamba kwenye trei, unaumwagilia, kisha unahesabu kinachochipua. Miche ikishatambuliwa hung'olewa, udongo hukaushwa, hupinduliwa na kumwagiliwa tena, kwa kuwa zipo mbegu ambazo hazikuitika mara ya kwanza.

Miaka ya 1940, Frits Went, Mholanzi aliyekuwa akitafiti mimea katika chuo cha Caltech, alichukua udongo wa Joshua Tree, ndani ya jangwa hilo, akaunyeshea mvua ya kutengeneza. Palipokuwa na ubaridi iliota mimea ya majira ya baridi peke yake; penye joto ikaota ile ya majira ya joto. Udongo ulikuwa uleule. Kisha akajaribu kuulowesha kwa maji yanayopanda kutoka chini. Udongo ukalowa vizuri, mbegu zikakaa kimya.

Maji hayakupungua, yalipita njia isiyo yake. Mbegu nyingi za kule zina kemikali zinazozizuia kuota, na lazima mvua ishuke kutoka juu, isuuze kemikali hizo na kuzipeleka chini. Manyunyu hayawezi kazi hiyo. Went aliona kwamba nyingi hubaki zimelala mpaka inyeshe takriban milimita 12, na afadhali zaidi ya hapo. Mimi jambo hili linanishangaza kila ninapolifikiria: punje isiyo na jicho wala sikio inaipima mvua, na inakataa kudanganyika. Mkulima wa Dodoma au Kitui aliyewahi kupanda kwa mvua ya kwanza, kisha ikakata na miche ikanyauka, anaelewa thamani ya kipimo hicho.

Na hata mvua nzuri ikija, si zote zinazoota. Mwaka 1966 mtafiti Dan Cohen alionyesha kwa hesabu kwamba mmea wa mahali pasipotabirika hufaidika ukibakiza sehemu ya mbegu zake ardhini, maana zikiota zote na jua likarudi mapema, ukoo mzima umekwisha. Lawrence Venable na wenzake, waliofuatilia mimea ya jangwa la Sonora karibu na Tucson, Arizona, tangu miaka ya 1980, walikuta ndivyo ilivyo: aina ambayo mavuno yake hupanda na kushuka sana mwaka hadi mwaka ndiyo inayobakiza mbegu nyingi zaidi.

Uvumilivu huohuo unatutesa mashambani kwetu. Mbegu za kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama, zinaweza kukaa udongoni hata miaka 20 zikingojea kemikali inayotoka kwenye mizizi hiyo. Ndiyo sababu palizi ya msimu mmoja hailimalizi, na ndiyo sababu ling'olewe kabla halijaangusha mbegu.

Kwa nyika zetu kavu, somo la trei zile ni la vitendo. Karibu akiba yote ya mbegu iko juu kabisa, katika unene usiozidi upana wa kiganja. Katapila likikwangua tabaka hilo kwa ajili ya barabara au machimbo na kulifukia chini ya kifusi, mvua ya miaka ijayo itanyesha mahali pasipo na cha kuota. Basi anayechimba ardhi kavu autenge udongo wa juu pembeni, asiurundike ukawa kilima, na kazi ikiisha aurudishe juu, ulikotoka.