Maji ya Baraza, Akaunti ya Kampuni

Katika miji ya Kenya ambako baraza la mji ndilo lililosambaza maji miaka ya 1980 na 1990, mtu aliyekwenda kulipa bili ya maji alisimama mbele ya keshia wa baraza, dirisha lile lile la leseni za biashara, kodi za ardhi na ada za soko. Pesa zake ziliingia katika mfuko mmoja na pesa za wengine wote. Mfuko huo ndio uliolipa mishahara ya askari wa baraza, mafuta ya magari na marupurupu ya madiwani. Klorini ya kutibu maji, mita mpya na vipande vya bomba vilinunuliwa kwa kilichosalia, na mara nyingi hakikusalia kitu. Bomba likapasuka, maji yakapotea, mkazi aliyekaa wiki nzima bila maji akakataa kulipa, na mfuko ukazidi kukauka.

Ukitaka kuelewa kwa nini serikali huondoa huduma ya maji na majitaka mikononi mwa baraza na kuikabidhi kampuni inayomilikiwa na baraza lilo hilo, anzia kwenye mfuko huo. Wanaosikia habari hii kwa mara ya kwanza huuliza faida iko wapi, ikiwa mwenye mali habadiliki. Swali lao ni la haki kabisa. Mwenye mali ni yule yule, ila pesa za maji hazipiti tena mahali zilipokuwa zikipita.

Nyeri, Kericho na Eldoret zilitangulia. Kwa msaada wa shirika la maendeleo la Ujerumani, GTZ, mabaraza ya miji hiyo kwanza yaliitenga idara ya maji na kuipa akaunti yake ya benki na vitabu vyake vya hesabu, huku ikiwa bado idara ya baraza. Hatua ya pili ilikuwa kampuni. Ile ya Nyeri ilisajiliwa mwaka wa 1997 chini ya Sheria ya Makampuni, hisa zake zote zikiwa mali ya umma kupitia baraza la manispaa. Tangu hapo mwenye hisa angeweza kuuliza, kukagua na kuteua wakurugenzi, lakini hangeweza kufungua droo ya keshia.

Baadaye ikaja Sheria ya Maji ya 2002, iliyoufanya mpango huo kuwa wa nchi nzima. Sheria ile iligawa kazi ambazo zamani zilifanywa na watu wale wale: wizara ikabaki na sera, bodi za maji za maeneo zikapewa miundombinu, kampuni zikapewa kazi ya kuwahudumia wateja, na Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji, WASREB, ikawekwa juu yao kuidhinisha bei na kupima utendaji. Kampuni ya Maji na Majitaka ya Jiji la Nairobi ilisajiliwa Desemba 2003 chini ya mpango huo, mmiliki wake akiwa Baraza la Jiji.

Huu si ubinafsishaji, na kuchanganya mambo haya mawili kumeharibu mijadala mingi. Dar es Salaam ilijaribu njia ya pili mwaka wa 2003, ilipoipa kampuni ya City Water mkataba wa miaka 10 wa kuendesha maji ya jiji, wabia wake wakubwa wakiwa kampuni ya Uingereza na ya Ujerumani. Mwezi Mei 2005 serikali ya Tanzania iliuvunja mkataba huo, kazi ikachukuliwa na DAWASCO, kampuni ya umma, ambayo mwaka wa 2018 iliunganishwa na DAWASA. Tofauti kati ya pande hizi mbili za mpaka ingalipo: Tanzania mamlaka za maji za mijini huwajibika kwa Wizara ya Maji, huku bei zikiidhinishwa na EWURA, Kenya kampuni ni za serikali za mitaa, ambazo tangu 2013 ni kaunti.

Siku ya makabidhiano, basi, nini hasa hukabidhiwa? Hapa ndipo wananchi na hata wawakilishi wao hukubali mambo bila kuyasoma. Nairobi haikuipa kampuni mabomba yawe mali yake. Ulitiwa saini mkataba wa pande tatu: baraza lenye mali, Bodi ya Huduma za Maji ya Athi, moja ya bodi zile za maeneo, yenye leseni, na kampuni kama wakala wa bodi hiyo. Kampuni ilikusanya malipo ya wateja, kisha ikatoa ada ya kukodi mali, ada ya bodi na tozo ya mdhibiti. Mpango huo una hekima yake. Mali isiyo ya kampuni haiwezi kuuzwa na kampuni, wala mkopeshaji hawezi kuikamata kampuni ikifilisika, na mabomba yanayonywesha mji hayastahili kufika kwa dalali. Lakini una tatizo lake pia. Bomba la tangu enzi za mkoloni likiisha kabisa, analibadilisha nani? Kampuni itasema matengenezo ndiyo yake na ujenzi ni wa mwenye mali. Mwenye mali atasema anayekusanya pesa ndiye anayepaswa kuchimba. Mkataba usiosema waziwazi ukarabati unaishia wapi na ujenzi unaanzia wapi unamwacha mteja katikati, akibeba mtungi.

Madeni ni jambo zito zaidi, na ndilo linalofichwa mara nyingi. Idara ya maji inapogeuka kampuni, huwa na bili za umeme wa pampu ambazo hazijalipwa, michango ya pensheni iliyokatwa kwenye mishahara isifikishwe inakotakiwa, na mikopo mikubwa iliyojenga mabwawa na mitambo. Upande wa pili kuna madai: maelfu ya wateja wenye malimbikizo, wengine wakiwa wamehama au wamefariki. Kwenye karatasi madai hayo ni mali. Kwa kweli mengi hayatalipwa kamwe, na mhasibu mwaminifu huyafuta mapema. Kampuni inayoanza na madeni halisi dhidi ya madai hewa imeanza ikiwa imekwisha kushindwa, na miaka mitatu baadaye italaumiwa kwa uzembe usio wake. Ndiyo maana nashikilia kwamba orodha ya madeni itangazwe hadharani kabla ya saini, si baada yake, na kila deni liandikwe jina la atakayelilipa.

Wafanyakazi nao huhamishwa pamoja na miaka yao ya utumishi. Fundi aliyekaa miaka 25 anajua valvu imezikwa wapi chini ya lami, jambo ambalo hakuna ramani inayolionyesha. Kumwondoa kwa sababu kampuni inataka sura mpya ni kupoteza ramani pekee iliyopo.

Kazi ya kwanza ya kampuni mpya si kujenga. Ni kuhesabu. Maji yanayotoka kwenye mtambo yanapimwa, na maji yanayolipiwa yanajulikana. Tofauti kati ya viwango hivyo ndiyo upotevu. Upotevu huo una sura mbili: maji yanayovuja ardhini, na maji yanayofika nyumbani kwa mtu ila hayaandikwi, kwa sababu mita imekufa, msomaji wa mita amekadiria akiwa kivulini, au kuna bomba lililounganishwa usiku. Ripoti za WASREB zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba kampuni za Kenya, zikijumlishwa, hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya maji zinayozalisha. Mji unaozalisha mita za ujazo 10,000 kwa siku na kupoteza asilimia 40 umelipia umeme na dawa za mita 4,000 bila kupata hata senti. Nyeri imekaa miaka mingi chini ya asilimia 20, na ndiyo sababu imekuwa ikiongoza mara kwa mara katika orodha ya mdhibiti. Haikufika hapo kwa bwawa kubwa. Ilifika kwa mita zinazofanya kazi na mafundi wanaofika mapema bomba linapopasuka.

Bei ndilo jambo linalowatia watu hofu kuliko yote, maana wanapolisikia neno kampuni wao husikia faida. Kampuni ya maji haijipangii bei. Hupeleka maombi kwa mdhibiti ikionyesha gharama zake, wananchi husikilizwa, na bei huidhinishwa kwa muda maalumu. Hupangwa kwa ngazi, uniti za kwanza zikiwa rahisi na zinazofuata zikipanda. Kwa miaka mingi Nairobi ngazi ya kwanza imekuwa uniti 6 kwa mwezi, yaani mita 6 za ujazo, ambazo ni mitungi 300 ya lita 20.

Ngazi hiyo ya nafuu, hata hivyo, humfikia mwenye mita tu. Anayeishi mtaani kusikofika bomba hununua kwa mtungi. Akinunua mtungi wa lita 20 kwa shilingi 5, amelipa shilingi 250 kwa uniti moja. Siku za uhaba mtungi ukifika shilingi 20, uniti hiyo hiyo imekuwa shilingi 1,000. Maskini wa mjini ndiye anayelipa bei ya juu kuliko wote. Hili linanikera kila ninapowasikia viongozi wakikataa nyongeza ndogo ya bei kwa jina la maskini ambao hawana hata mita. Anachohitaji mkazi wa mtaa wa mabanda kama Mukuru ya Nairobi au Nyalenda ya Kisumu ni kuunganishwa. Kisumu, kampuni ya mji iliona haiwezi kusoma mita vichochoroni Nyalenda kwa gharama inayolipika, ikawauzia maji kwa jumla wakazi wanaosimamia njia za bomba, nao wakayafikisha majumbani. Bomba likipasuka, anayepata hasara ni mkazi wa pale pale, na hukimbilia kuliziba.

Katiba ya 2010 ilibadilisha mengi. Kifungu cha 43 kimefanya maji safi na salama, ya kutosha, kuwa haki ya kila mtu, pamoja na usafi wa mazingira wa kiwango kinachofaa, na Jedwali la Nne likazipa kaunti huduma hizo. Sheria ya Maji ya 2016 ikafuata: bodi za maeneo zikageuzwa mashirika ya kuendeleza miundombinu, na kampuni zikawa za kaunti moja kwa moja. Mwenye hisa wa leo, kwa hiyo, ni gavana na serikali yake.

Sheria hiyo inataka pesa za maji zitumike kwa maji. Sharti hilo ndilo ukuta wote kati ya pesa za maji na mfuko wa mwenye hisa, lakini una mlango wa nyuma. Kaunti haihitaji kuchukua pesa, inatosha isilipe. Hospitali ya kaunti, soko, machinjio na ofisi za wadi hutumia maji kila siku, na bili zao zikikaa miaka miwili bila kulipwa, kampuni imemkopesha mmiliki wake bila kuombwa. Meneja gani atamkatia maji anayemteua? Mlango mwingine ni bodi ya wakurugenzi. Miongozo ya mdhibiti inataka viti vigawiwe wenye taaluma, wafanyabiashara na wakazi watumiaji, kwa uteuzi wa wazi. Gavana anapoivunja bodi kila baada ya uchaguzi na kujaza wapambe, kampuni imerudi kuwa idara, ila sasa ina nembo. Raia anaweza kuyafuatilia haya. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na ile ya kila mwaka ya WASREB ni za umma, na hutaja kila kampuni kwa jina.

Nimeyaacha majitaka hadi hapa kwa sababu hata mikataba huyaacha mwisho. Sehemu kubwa ya maji yanayoingia nyumbani hutoka tena yakiwa machafu, na kwa sababu hiyo Nairobi imekuwa ikitoza majitaka kwa kukokotoa asilimia 75 ya maji yaliyosomwa kwenye mita. Kila kampuni inapofungua bomba jipya la maji safi katika mtaa, imeongeza pia majitaka ya mtaa huo, yawe na pa kwenda au yasiwe napo. Nairobi ina mitambo mikubwa ya Dandora, kule Ruai, na Kariobangi, lakini mtambo hausaidii kitu ikiwa mifuniko ya chuma imeibwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, au wakulima wameziba bomba kuu ili majitaka yafurike kwenye sukumawiki. Mboga hizo hurudi sokoni mjini.

Hata hivyo wenye bomba la majitaka ni wachache. Katika maeneo yanayohudumiwa na kampuni za maji Kenya, waliounganishwa hawafiki robo ya wakazi. Waliobaki wana vyoo vya shimo na matangi, na mashimo hayo yanapojaa huitwa lori la kunyonya, mara nyingi la mtu binafsi, likamwaga anakojua dereva wake. Hayo nayo ni majitaka ya mji, yana kipindupindu kile kile, lakini katika makabidhiano mengi hayakuandikwa kuwa kazi ya yeyote. Sheria imezipa kaunti huduma nzima ya usafi, si mabomba tu. Kaunti inayoandika upya mkataba na kampuni yake leo inapaswa kuyaingiza humo: nani anasajili malori, yamwage wapi, kwa bei gani, na ni sehemu gani ya ada ya majitaka itakayokwenda kwa wale ambao bomba halitawafikia katika miaka 20 ijayo.